Amana si Mkopo: Dhahabu ya Kanda ya Ziwa na Akiba ya Uzeeni

Tangu Benki Kuu ya Tanzania ianze kununua dhahabu ya ndani na kuiweka katika akiba ya taifa, swali moja limekuwa likinijia kutoka kwa wanafunzi wangu wa masomo ya jioni, ambao wengi wao ni watumishi wa umma. Ikiwa Serikali inaona ni busara kuweka dhahabu kwa ajili ya kesho yake, kwa nini mifuko ya hifadhi ya jamii isiweke dhahabu kwa ajili ya uzee wetu? Huku kwetu swali hilo lina uchungu wa pekee. Mtu anayefundisha Geita, anayetibu wagonjwa Tarime, au anayeandika mihutasari ya vikao katika halmashauri ya Misungwi, anaishi juu ya dhahabu au kando ya barabara inayoipitisha, kisha anastaafu kwa shilingi na kikokotoo.

Mimi ni mwalimu wa historia, si mshauri wa uwekezaji, na sitamwambia mtu anunue nini. Lakini historia ya ukanda huu inanionyesha kwamba swali hilo limeanzia katikati. Kabla ya kuuliza tuweke nini, yatupasa tuulize nani atushikie.

Tulimalize kwanza suala la bei, maana ndilo linalowasisimua watu. Benki Kuu ilipofungua milango yake Juni 1966, dola moja ya Marekani ilikuwa sawa na shilingi 7.14, na wakia moja ya dhahabu iliuzwa dola 35. Wakia hiyo, yaani gramu 31 na ushei, ilikuwa na thamani ya shilingi 250. Mwaka 2025 bei ya wakia ilivuka dola 3,000, na kwa thamani ya shilingi yetu ya mwaka huo hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 7. Mfanyakazi aliyeanza kuchangia Mfuko wa Taifa wa Akiba ya Wafanyakazi, ule ulioanzishwa mwaka 1964, akalipwa mafao yake mwishoni mwa miaka ya 1980, alikuta mfumuko wa bei uliozunguka asilimia 30 kwa mwaka umekwisha kuzila shilingi zake kabla hajazitia mkononi. Hesabu hii ni ya kweli na inauma. Lakini dhahabu nayo haipandi siku zote. Januari 1980 wakia ilifika dola 850. Mwaka 1999 ilikuwa karibu dola 250. Tena dhahabu haizai. Haitoi riba kama hatifungani wala kodi ya pango kama nyumba. Anayeiweka anaiweka kwa sababu hana imani na ahadi za watu, na hapo ndipo penye kichekesho chake: asiyeamini ahadi za watu hana budi kumwamini yule mtu mmoja atakayeishika.

Kiswahili kina maneno mawili ambayo lugha ya mabenki imeyachanganya. Amana ni kitu unachomkabidhi mtu akutunzie, na siku ukikihitaji akurudishie kilekile. Mkopo ni kitu unachompa mtu akitumie, kisha akurudishie mfano wake. Ukimkopesha jirani debe la mahindi hutarajii kurudishiwa punje zilezile. Ukimwachia baiskeli akutunzie, ukirudi ukakuta ameiuza na kukununulia nyingine, hata kama ni bora zaidi, amekuvunjia uaminifu. Mabenki yetu huita fedha za wateja “amana”, ilhali kisheria fedha hizo huwa mali ya benki tangu dakika zinapoingia, na mteja hubaki mdai. Hakuna ubaya katika utaratibu huo. Benki isiyotumia fedha za wateja haiwezi kumkopesha mtu. Ubaya huanza pale mtu anapodhani ameweka amana, kumbe amekopesha.

Wazee wa Usukuma waliijua tofauti hii kupitia ng’ombe. Mwenye kundi kubwa hakuwaweka ng’ombe wote katika zizi moja. Aliwagawa kwa marafiki na ndugu wa vijiji vya mbali, ili ugonjwa, ukame au wizi usimmalize kwa siku moja. Mtunzaji alikunywa maziwa na kutumia samadi, na huo ndio uliokuwa ujira wake. Ng’ombe mwenyewe hakuwa wake. Akifa, mtunzaji alipaswa kumpelekea mwenye mali habari pamoja na ushahidi, ngozi ikiwa ndiyo shahidi mkuu. Tazama jinsi mambo yote yamo humo: mali inayotambulika mmoja mmoja kwa rangi na pembe, ujira wa mtunzaji unaofahamika, mtawanyo wa hatari, na ukaguzi. Nimesoma miongozo mingi ya utunzaji wa mali za mifuko ya pensheni, na sidhani kama ipo iliyoongeza jambo la msingi juu ya ngozi ile.

Ukoloni ulileta mtunzaji wa aina nyingine. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919, ilikuwa na makao yake London hadi mwaka 1960, na shilingi iliyotumika katika soko la Mwanza ilikuwa na kinga ya hati za pauni zilizowekwa huko huko London. Septemba 1949 Uingereza iliposhusha thamani ya pauni kutoka dola 4.03 hadi dola 2.80, akiba hiyo ilipoteza takriban theluthi moja ya nguvu yake mbele ya dola. Mkulima wa pamba wa Ukerewe hakuulizwa, na pengine hakuambiwa. Wakati huo mgodi wa Geita ulikuwa ukitoa dhahabu tangu miaka ya 1930, nayo ilisafirishwa kwenda nje bila hata tofali moja kubaki kama kinga ya fedha ya waliokuwa wakiichimba. Mgodi ule ulifungwa mwaka 1966, mwaka uleule tuliofungua Benki Kuu yetu wenyewe.

Jibu la watu wa Ziwa kwa utunzaji wa aina hiyo lilikuwa ushirika, na hapa naomba msomaji avumilie nikae kidogo, kwa sababu ndipo penye somo ambalo vitabu vya shule hulipita haraka. Vuguvugu la wakulima wa pamba lililomwinua Paul Bomani lilianza na mizani. Wakulima waliona kwamba mnunuzi ndiye aliyepima, ndiye aliyesoma uzito, na ndiye aliyelipa; mikono mitatu katika kiwiliwili kimoja. Wakaanza kuwaweka watu wao wa kusimama penye mizani. Kutokana na hatua hiyo ndogo kilizaliwa mwaka 1955 Chama Kikuu cha Ushirika cha Victoria, chenye makao Mwanza, kilichokuja kuwa mojawapo ya vyama vikubwa zaidi vya ushirika barani Afrika, na ambacho kilimiliki viwanda vyake chenyewe vya kuchambua pamba.

Kisha chama kikakua, na mikono mitatu ikarudi katika kiwiliwili kimoja, safari hii kiwiliwili cha chama chenyewe. Kilipima, kiliandika daftari, kilitunza fedha, kilizitumia. Tume ya Rais ya mwaka 1966 iliyochunguza ushirika ilikuta malalamiko mengi ya makato yasiyoeleweka na matumizi mabaya, na Serikali ikaingia kukisimamia. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilifutwa nchi nzima; ununuzi na uchambuzi wa pamba ukawa kazi ya Mamlaka ya Pamba. Viwanda vilivyojengwa kwa makato ya kila kilo ya pamba ya mkulima vilibadili mtunzaji bila mwenye mali kupiga kura. Sheria ya mwaka 1982 ilipoviruhusu vyama virudi, virudi vilivyorudi vilikuwa dhaifu, na deni halikukawia kuvifuata. Nimewasikia wenzangu wakilaumu ubepari, na wengine wakilaumu Ujamaa. Nionavyo mimi, mkulima alinyang’anywa mara zote mbili kwa njia ileile: hapakuwa na mtu wa tatu penye mizani.

Tuje kwenye dhahabu yenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 Benki Kuu iliwahi kununua dhahabu ya wachimbaji wadogo kwa bei iliyokaribia ile ya soko la magendo, na dhahabu iliyokuwa ikivuka mipaka gizani ikajitokeza mchana. Mpango huo haukudumu. Baadaye ilikuja Meremeta, kampuni iliyosajiliwa mwaka 1997 na kuchimba Buhemba, upande wa Mara. Ilipoanguka, deni lake kwa benki ya Afrika Kusini lilihitimishwa kwa fedha kutoka Benki Kuu, na wabunge walipodai maelezo, Serikali ya Awamu ya Nne ilijibu kwamba jambo hilo linagusa ulinzi wa taifa. Januari 2008 gavana aliondolewa kwa kashfa ya akaunti ya EPA, ambayo shilingi bilioni 133 zilikuwa zimelipwa kupitia kampuni 22. Nayataja haya kwa sababu wapo wanaodhani kwamba neno “Benki Kuu” ni jibu tosha kwa swali la nani atushikie. Ukuta mnene hauzuii mkono ulio ndani.

Na ukuta ulio mbali haumaanishi kila mara kwamba mali imepotea. Februari 2018 zaidi ya kilo 35 za dhahabu zilizotoroshwa kupitia Mwanza zilikamatwa katika uwanja wa ndege wa Nairobi. Kenya ilizishika kwa zaidi ya mwaka mmoja, na Julai 2019 ikazikabidhi kwa Serikali yetu, Ikulu, hadharani, mbele ya kamera. Mwezi Januari wa mwaka huohuo, hapa hapa Mwanza, ilikamatwa shehena ya kilo 319, na askari polisi wanane wakashtakiwa wakidaiwa kuisindikiza badala ya kuizuia. Hivyo ndani ya miaka miwili tu jirani alirudisha dhahabu iliyopimwa na kuandikwa, na mlinzi wa nyumbani akafikishwa kizimbani.

Mageuzi yaliyofuata yana sifa yake, nami si miongoni mwa wale wasioona jema. Masoko ya madini yalianza Geita Machi 2019. Ndani ya chumba kimoja hukaa muuzaji, mnunuzi, na afisa wa Tume ya Madini mwenye mizani na mashine ya kupima usafi; hatimaye mtu wa tatu alirudi penye mizani, miaka 60 na zaidi baada ya wakulima wa pamba kumdai. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kiwanda cha kusafisha dhahabu hapa Mwanza, ambamo STAMICO ni mbia pamoja na kampuni za Dubai na Singapore. Tangu Oktoba 2024 wachimbaji na wafanyabiashara wanaosafirisha dhahabu nje wametakiwa kutenga angalau asilimia 20 kwa ajili ya kusafishwa nchini na kuuzwa kwa Benki Kuu.

Basi twende kwenye mifuko. Mwenye kutaka kujua kama mfuko unaweza kushika dhahabu, na aangalie kwanza umeshikaje shilingi. Mfuko wa watumishi wa umma, PSPF, ulianza mwaka 1999 ukabebeshwa mzigo wa kuwalipa watumishi ambao kabla ya hapo hawakuwa wakichangia. Serikali iliahidi kuufidia, na ahadi ikageuka deni la miaka mingi. Desemba 2021 deni hilo lilipatiwa hatifungani maalumu isiyo ya fedha taslimu, ya takriban shilingi trilioni 2.17, iliyokabidhiwa kwa PSSSF, mfuko uliozaliwa Agosti 2018 kwa kuunganisha PSPF, LAPF, PPF na GEPF. Majengo ya Chuo Kikuu cha Dodoma yalisimama kwa fedha za mifuko, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu akaandika mara kwa mara kwamba marejesho ya Serikali yanachelewa. Mradi wa nyumba wa Dege, Kigamboni, ulisimama mwaka 2016 ukiwa na fedha za wanachama wa NSSF ndani yake. Yapo pia yaliyofanikiwa: daraja la Nyerere linavukwa kila siku, na Rock City Mall hapa Mwanza, iliyojengwa kwa fedha za LAPF kwa ubia na halmashauri, ina wapangaji. Lakini katika yote hayo mwanachama alikuwa mkopeshaji asiyejua kwamba amekopesha.

Ndiyo maana kikokotoo kiliwasha moto. Desemba 2018 watumishi walipoambiwa kwamba mkupuo utakuwa asilimia 25, hasira ilikuwa kubwa kiasi kwamba kanuni zile zilisitishwa kabla mwaka haujaisha. Julai 2022 ikaja asilimia 33. Katika bajeti ya mwaka 2024/25 ikapandishwa hadi 40 kwa waliokuwa wakipata 50 zamani, na 35 kwa waliokuwa wakipata 25. Wataalamu wa tathmini wana hoja zao kuhusu uhimilivu wa mifuko, na nyingine ni nzito. Lakini msikilize mtumishi anavyosema: “fedha zangu”. Yeye anazungumza lugha ya amana. Mfuko unamjibu kwa lugha ya mkopo. Hawawezi kuelewana.

Je, dhahabu ingeondoa mgogoro huo? Tuangalie waliokwisha kujaribu. Marekani, kwa mabadiliko ya sheria ya mwaka 1997, humruhusu mfanyakazi kuweka katika akaunti yake ya kustaafu dhahabu yenye usafi wa sehemu 995 kati ya 1,000. Ndugu zetu wengi wanaofanya kazi huko hupigiwa simu na wauzaji wakivutiwa kwa habari hiyo. Sharti lake ni kwamba dhahabu ishikwe na benki au taasisi iliyoidhinishwa, si na mwenye akaunti. Mwaka 2021 mahakama ya kodi iliamua dhidi ya wanandoa waliokuwa wameweka sarafu zao nyumbani: kwa kuzishika wenyewe, ikasema mahakama, walikuwa wamezitoa katika akaunti, na kodi ikawahusu. Kwa utaratibu wao, anayeuza dhahabu ni mmoja, anayetunza daftari la akaunti ni wa pili, na mwenye ghala ni wa tatu. Utaratibu huo hulegea pale muuzaji anapomchagulia mteja hao wengine wawili. Hata ghala lenyewe si malaika: mwaka 2022 ghala moja la jimbo la Delaware, lililokuwa na madini ya wateja wakiwemo wenye akaunti za kustaafu, lilishtakiwa na tume ya Serikali kuu kwa madai kwamba mali za wateja zilichukuliwa na kutumiwa.

Kuna swali moja ambalo mwenye dhahabu huko hufundishwa kumuuliza mtunzaji kabla ya yote, nalo ni swali la Kiswahili kabisa: hii ni amana au mkopo? Dhahabu inaweza kutunzwa kwa namba. Tofali la kiwango cha soko la London lina uzito wa takriban wakia 400, yaani kilo 12 na nusu hivi, nalo huchongwa namba yake, mwaka wake, usafi wake na alama ya aliyelisafisha. Mteja aliyeandikiwa namba hiyo ana ng’ombe wake zizini, na mtunzaji akifilisika wadai hawana haki ya kumgusa. Mteja aliyeandikiwa “wakia 400” tu, bila namba, ana ahadi. Mtunzaji akifilisika, yeye hupanga foleni pamoja na wadai wengine. Ada ya kwanza ni kubwa, ya pili ni ndogo, na wengi huchagua ya pili bila kujua wamechagua nini. Hata mataifa hukwama. Tangu mwaka 2019 Venezuela imeshindwa kuchukua takriban tani 31 za dhahabu yake kutoka Benki Kuu ya Uingereza, si kwa sababu dhahabu haipo, bali kwa sababu mtunzaji na mahakama za kwake walitilia shaka nani ana haki ya kuidai.

Kwa mtumishi wa Mwanza anayefikiri kuruka mifuko yote na kununua dhahabu ghafi Geita akaifukie uani, nina neno la sheria tu: Sheria ya Madini haimruhusu mtu kumiliki madini ghafi bila leseni au kibali, na mstaafu mwenye kopo la dhahabu hana cha kumwonyesha askari. Pete na mikufu ni jambo jingine. Bibi zetu wa Pwani walijua kustaafu kwa bangili muda mrefu kabla ya mfuko wowote kuanzishwa.

Kwa mifuko yenyewe, sheria yetu ya mwaka 2008 ya usimamizi wa hifadhi ya jamii ilikwisha kututenganishia meneja wa uwekezaji na mtunzaji wa mali, na ikaipa Benki Kuu kazi ya kutoa miongozo ya uwekezaji. Sasa tazama mzunguko ambao dhahabu ingeuleta: Benki Kuu inayotoa mwongozo ndiyo mnunuzi mkubwa wa dhahabu nchini, na ndiyo ambayo kila mtu angeipendekeza iwe mtunzaji. Anayepima, anayeandika na anayeshika wangekuwa kiwiliwili kimoja tena. Nisingependa mfuko ununue hata gramu moja kabla ya fundo hilo kufunguliwa, na kulifungua kunamaanisha mtunzaji asiyenunua kwa ajili yake mwenyewe, ghala zaidi ya moja, na mkaguzi anayeteuliwa na mtu asiyekuwa miongoni mwa hao wote.

Bodi za wadhamini za NSSF na PSSSF zina wawakilishi wa wafanyakazi, waajiri na Serikali. Wawakilishi wa wafanyakazi hutoka katika vyama vyetu, na majina yao yanajulikana. Hakuna haja ya kusubiri dhahabu ndipo waulizwe. Hatifungani, majengo na hisa zilizopo leo zinatosha kuanzia: kila moja ipo wapi, imeandikwa kwa jina la nani, anayeishika analipwa kiasi gani, na mara ya mwisho ilikaguliwa lini na nani.